Anzia Kwenye Tanki

Alhamisi usiku, siku mbili kabla ya washenga kuja kuleta posa ya mdogo wangu, nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwetu Mbagala nikiibembeleza mashine ya kusafishia kapeti itoe maji. Iliunguruma vizuri. Brashi zake zilizunguka. Ilivuta kwa nguvu kiasi kwamba pindo la dera langu lilinaswa mara mbili. Lakini kila nilipobonyeza kitufe cha kwenye mpini, kapeti lilibaki kavu.

Mbele ya kiti cha baba palikuwa na doa. Lilikuwa pana kama sinia, la manjano iliyofifia, ukingo wake umekoza kuliko katikati. Nyumbani tulikuwa tunaliita chai. Baba kamwaga chai. Lile la chai limerudi. Hakuna aliyeitisha kikao ili tukubaliane jina hilo. Lilitokea tu, kama majina mengi ya nyumbani yanavyotokea, na kila mtu akalishika.

Mashine yenyewe ilitoka kwa shangazi anayeishi Glasgow. Alinunua mpya, akaona ya zamani haifai kutupwa, akaipakia kwenye kontena pamoja na mablanketi na viatu vya watoto. Plagi yake ni ya miguu mitatu kama zetu, na umeme wa kule na wa kwetu unalingana, kwa hiyo haikuhitaji kitu zaidi ya kuchomekwa. Iliwasili Desemba. Januari niliitumia mara moja, majirani wakaja kutazama, kisha nikaikausha na kuirudisha kwenye gunia lake nyuma ya mlango. Nilijua hivyo kwa uhakika, kwa sababu mimi ndiye mwenye mashine pale nyumbani. Mama huiita "lile dude lako".

Kwa asiyewahi kuiona: ina matanki mawili. Moja ni la maji safi, jingine la maji machafu. Ukibonyeza kitufe, pampu ndogo iliyofichwa tumboni huvuta maji kutoka tanki safi kupitia chujio, huyasukuma kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye nozo, na nozo huyanyunyizia kapeti mbele ya brashi. Brashi husugua. Mdomo mpana wa mbele hufyonza yale maji pamoja na uchafu na kuyapeleka tanki la pili. Ikikosa kutoa maji, hiyo si mashine tena. Ni brashi yenye kelele.

Na mimi, nisisahau kusema, nasomea maji. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, menejimenti ya rasilimali za maji, na tasnifu yangu ni kuhusu mgao: nini hutokea kwenye mabomba ya jiji maji yanapofungwa siku tatu na kufunguliwa siku moja. Naweza kukuchorea mtandao wa mabomba wa kata nzima kwenye kompyuta. Saa tatu usiku ule nilikuwa nimeshindwa na mtandao wenye bomba moja.

Nilichofanya kwa saa nzima kilikuwa aibu kwa mtu mwenye usimamizi wa profesa. Nilianza kwenye nozo kwa sababu ndiko maji yalikotakiwa kutokea. Nikaichokonoa kwa pini. Haikutoa. Nikageuza kile kitufe cha kuchagua kati ya sakafu na mpira wa mkono, nikakirudisha, nikasahau kilikuwa upande gani mwanzoni. Nikaipigapiga ubavuni. Nikatazama video ya mzee mmoja Mmarekani aliyefungua mfuniko wa chini na kukuta mkanda umekatika, basi na mimi nikachukua bisibisi na kufungua mfuniko wa chini. Mkanda wangu ulikuwa mzima. Nikafunga, na skrubu moja ikabaki mkononi. Kila jambo nililifanya juu ya jingine, hivyo hata kama mojawapo lingesaidia nisingejua ni lipi.

Baba alitoka chumbani polepole, mkono mmoja ukutani. Ana miaka 69. Alifanya kazi kwenye pampu karibu miaka thelathini, mingi kati ya hiyo katika mtambo wa Mtoni, ule unaochota maji ya mto Kizinga. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Hakukaa kwenye kiti chake. Alikaa kwenye kiti cha wageni karibu na mlango, na wakati ule sikutafakari kwa nini.

"Umeanzia wapi, mama?"

Baba huniita mama. Mimi ndiye binti yake mkubwa, na nimebeba jina la mama yake.

"Kwenye nozo, baba."

"Kwa nini?"

"Si ndiko maji yasikotoka?"

Alitikisa kichwa. "Watu wa Tandika wakipiga simu kwamba hawana maji, unakwenda Tandika kufungua bomba la mtu?"

"Hapana."

"Unakwenda wapi?"

"Mtoni."

"Haya. Anzia kwenye tanki. Na ufanye kitu kimoja kwa wakati mmoja, halafu ujaribu. Ukifanya viwili hujafanya hata kimoja."

Kwa hiyo nilianza upya. Tanki lina maji? Lina, nusu. Limekaa sawasawa? Nililitoa na kulirudisha mpaka likalia *kla*. Chini ya tanki kuna valvu ndogo yenye springi. Tanki likikaa vizuri, kipini cha mashine huisukuma valvu juu na maji hushuka. Likikaa upande hata kidogo, valvu inabaki imefunga na pampu inanyonya hewa. Nikajaribu. Hakuna kitu.

"Legeza mfuniko wa tanki," baba akasema.

Nikalegeza na kubonyeza kitufe. Ndani ya tanki likapanda povu moja kubwa, likapasuka, kisha kimya.

"Umeona? Lilikuwa halipumui."

Hili kila mtoto aliyewahi kumimina maji kwenye dumu analijua. Usipoacha upenyo wa hewa kuingia, dumu hukohoa, huguna, na mwisho hugoma. Mfuniko wa tanki una kitundu cha kazi hiyo, kidogo kuliko punje ya mchele. Nikaugeuza mfuniko kwenye mwanga. Kitundu kilikuwa kimezibwa na kitu cheupe, chenye utelezi, kama mafuta ya nazi yaliyoganda asubuhi ya baridi. Nikakizibua kwa kijiti cha meno. Nikafungua chujio lililo chini ya mahali tanki linapokaa. Kitu kilekile, kimejaa mpaka wavu hauonekani.

Nilikinusa. Sabuni ya mche.

"Lakini mimi sijawahi kutia sabuni ya mche humu," nilisema. "Januari nilitumia ile dawa yake aliyotuma shangazi. Nani kaitumia hii mashine?"

Baba hakujibu. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Niliinua macho na kumwona mama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo begani. "Ni mimi," alisema. "Nilikwaruza kipande kwa kisu nikakitia. Nilikuwa nafuta ile chai."

"Lini?"

"Usiku usiku tu. Nyie mmelala."

Sasa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu mimi sikumvumilia mama. Pale pale nilianza kutoa muhadhara. Nilieleza kwamba maji ya kisima chetu ni magumu, yana kalisi na magnesiamu nyingi, ndiyo maana sufuria zina ukoko na sabuni haitoi povu. Nikasema maji yenye chini ya miligramu 60 za chokaa kwa lita huitwa laini, yakizidi 180 ni magumu sana, na sampuli ya kisima chetu niliyoipeleka maabara ilizipita 180 kwa mbali. Nikasema sabuni ya mche ikikutana na kalisi haiyeyuki tena. Inageuka ute mweupe unaoganda, na ute huo ndio huu. Nikasema mashine hii ilizaliwa Glasgow, ambako tangu 1859 wanaletewa maji ya ziwa Loch Katrine, maji laini kabisa, kwa hiyo haikuwahi kukutana na balaa la kisima cha Mbagala na sabuni ya mche kwa pamoja. Yote niliyosema yalikuwa sahihi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Haya," alisema. "Sikujua." Akarudi jikoni.

Nilibaki na chujio mkononi. Kelele ya mashine ile inaamsha mtaa. Mtu aiwashe usiku wa manane sisi tusisikie? Kisha nikakumbuka zile siku nilizoamka nikakuta mashine ya kusaga ya jirani imeanza mapema, au nilivyodhani. Nikakumbuka mama akisinzia mchana juu ya mchele anaouchagua. Nikakumbuka kapeti lenye unyevunyevu asubuhi na feni imeelekezwa chini. Mambo haya yote nilikuwa nimeyaona. Kila moja nililitafutia maelezo yake na kulitupa.

Siki ilikuwapo. Nilichanganya na maji ya vuguvugu, si ya moto, maana ya moto hupinda plastiki, nikaloweka chujio, mfuniko na nozo. Chokaa ilianza kutoa vipovu vidogovidogo na kuachia. Ute wa sabuni haukutaka siki, ulitaka kusuguliwa. Nikausugua kwa mswaki wa zamani. Nozo nilizipuliza kwa mdomo mpaka nikahisi upepo upande wa pili. Baba alishika kila kipande, akakiinua kwenye taa, akakirudisha kwangu bila neno au akasema, "Bado."

Ikabaki maji. Yale ya kisima yangeturudisha tulikotoka. Ya bomba yalikuwa hayajatoka tangu Jumatatu. Kwenye ndoo ya maji ya kunywa jikoni yalibaki ya chai ya asubuhi tu, na duka la jirani lilishafungwa.

"Chukua yangu," baba akasema. "Chini ya kitanda."

Hapa nieleze. Mwaka jana, baba alipopimwa presha, daktari alimwambia anywe maji ya kutosha. Mimi ndiye niliyekabidhiwa jambo hilo, kwa kuwa nasomea maji, kama kaka alivyotania. Kila Jumapili kutoka kwenye fedha yangu ya kujikimu nilikuwa nanunua chupa za lita moja na nusu, namwekea chumbani. Kila Jumapili nilikuwa naziona zile za wiki iliyopita hazipo mezani. Nikajipongeza.

Niliinama chini ya kitanda na kuwasha tochi ya simu. Zilikuwa zimepangwa kwa mstari, nadhifu, kama anavyopanga vifaa vyake. Nilihesabu kumi na nne. Zote zilikuwa na muhuri wake. Kumi na nne mara moja na nusu ni lita 21. Pembeni yake kulikuwa na shuka zilizokunjwa na mfuko wa plastiki mweusi ambao sikuufungua.

Nilikaa sakafuni pale chumbani muda mrefu kuliko inavyohitajika kuchukua chupa mbili. Nilikuwa najaribu kupiga hesabu ya mtu anayeishi Dar es Salaam mwezi wa Machi, mwenye miaka 69, anayemeza vidonge vya presha kila asubuhi, na hanywi maji. Hesabu haikukaa sawa.

Nilirudi sebuleni na chupa mbili, nikazimimina tankini. Sikusema kitu. Yeye naye hakusema kitu. Nilibonyeza kitufe.

Hakuna maji.

Nilitaka kulia, na sina hakika ilikuwa kwa sababu ya mashine. Tulikuwa tumesafisha kila kitu. Tanki linapumua, chujio linaangaza, nozo zinapitisha upepo. Baba aliinama na kuiwekea sikio.

"Sikiliza. Inakimbia mno. Pampu yenye maji haitoi sauti nyembamba hivyo. Imemeza hewa."

Pampu ya aina hii haiwezi kuvuta hewa. Magurudumu yake yanahitaji kitu kizito cha kusukuma. Chujio lilipoziba, maji yalikatika, hewa ikaingia, na sasa ilikuwa inazunguka bure ndani ya hewa yake yenyewe. Hata ukiipa maji juu, haijui kuyashika. Lazima uipe maji ya kuanzia.

"Una mpira wake ule wa mkono?"

Nilimpa mpira mrefu wa kusafishia viti. Akauchomeka mahali pake, akanielekeza niiweke mashine juu ya stuli. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akashuka kwenye kiti, taratibu, goti moja kisha la pili, akakaa sakafuni na kuushika ule mpira chini kabisa, chini kuliko tanki, mdomo wake ukiwa ndani ya beseni.

"Maji yashuke yenyewe kwanza. Bonyeza uwashe, nami nabana huku. Usiachie."

Tulibana. Pampu ililia kwa sauti ileile nyembamba. Nusu dakika. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari kwenye redio mbovu. Kisha sauti ikabadilika. Ikawa nzito, ikajaa, na kwenye mpira nikaona viputo vinakimbia, vinapungua, vinaisha. Maji yakapiga beseni kwa mwamvuli mpana, mengine yakamrukia miguuni.

"Eeh!" alisema baba. "Hiyo sasa."

Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mfungo uliopita. Nikazima mashine ili nimsaidie kuinuka, lakini hakuinuka. Alibaki pale sakafuni, akapitisha kiganja juu ya doa.

"Mimi ndiye nalichafua," alisema.

"Ni chai, baba."

"Mama. Chai haina harufu hii."

Sikujua pa kuangalia. Kuna maneno ambayo baba na binti yake wakubwa hawaambizani, na katika miaka yangu yote sijawahi kusikia kutoka kinywani mwake neno lolote kuhusu mwili wake zaidi ya "naumwa kichwa". Aliongea akiwa ameliangalia kapeti. Alisema ilianza kabla ya mwaka mpya. Kwanza usiku, mara tatu, mara nne. Kisha akawa hafiki chooni. Kisha akawa anakaa hapa anaangalia taarifa ya habari na hajui mpaka imeshatokea. Akaacha kunywa maji baada ya alasiri. Haikusaidia. Akaacha baada ya adhuhuri. Sasa anakunywa funda moja la kumezea vidonge.

"Bomba likivuja chini na huna kifaa," alisema, "unafunga koki ya juu. Ndiyo kanuni."

Na hapo, kwa mara ya kwanza usiku ule, nilikuwa na kitu cha kumwambia ambacho yeye hakuwa nacho. Nilikaa sakafuni karibu naye. Nilimwambia kuhusu tasnifu yangu, ambayo alikuwa hajawahi kuniuliza kwa undani na mimi sikuwahi kudhani itamhusu. Nilisema ukifunga koki ya juu, presha inashuka, na bomba lenye ufa halibaki tupu. Linavuta. Ule ufa uliokuwa unatoa maji unaanza kuingiza maji machafu ya nje. Nilimwambia mgao hauponyi bomba linalovuja. Unalificha kwa siku tatu, na siku ya nne unaleta ugonjwa.

Alifikiri. Si mtu wa kukubali haraka.

"Hilo kweli," alisema mwishoni. "Tulikuwa tukifungua baada ya mgao, maji ya kwanza yanatoka kama chai." Akanyamaza, akasikia alichosema, tukaangaliana.

"Baba, twende hospitali Jumatatu."

"Unajua wanachopima wakikuambia tezi dume."

"Najua." Kila mtu anajua. Vijiweni wanaume wanataniana kuhusu kile kipimo kwa sauti kubwa, na kwa kutaniana huko wengi hawaendi. "Siku hizi kuna cha damu, na kuna ultrasaundi."

"Mama yako asije. Ameshachoka."

"Mama anaamka saa tisa usiku kuwasha ile mashine, baba. Atakuja tu."

Tulilisafisha kapeti usiku uleule. Mara ya kwanza na dawa kidogo, kijiko kimoja tu, mara ya pili na ya tatu maji matupu ili dawa isibaki kwenye nyuzi na kuvuta vumbi. Kila mara nilipita nikinyunyiza, kisha nikapita tena bila kubonyeza, nikifyonza polepole, maana kapeti lililolowa sana huoza kwa chini. Tanki la maji machafu lilijaa kitu cha rangi ambayo sitaieleza. Baba alitaka kulibeba yeye kwenda kulimwaga. Nilimwachia. Mama alitoka jikoni, akatuona, akaona chupa mbili tupu za maji, akachukua fagio na kuanza kufagia mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

Kabla sijalala nilimfuata jikoni. Nilitaka kumwomba radhi kwa ule muhadhara wa kalisi. Nilipofungua mdomo alisema, "Ile sabuni niliona inafaa, maana shuka zake inazitakatisha." Nikamwambia inafaa kwa shuka. Ndiyo radhi niliyoweza kuomba, na nadhani aliipokea.

Washenga walikuja Jumamosi. Doa lilikuwa limebaki kama kivuli. Ukijua lilipo unaliona, usipojua hulioni. Baba alikaa kwenye kiti chake. Alivaa kanzu nyeupe, na mama alikuwa amempa kitu cha kuvaa ndani ambacho alikinunua duka la dawa la mbali, mtaa ambao hatujulikani. Posa ilipokelewa. Kijana anaonekana ana adabu.

Jumatatu tulikwenda watatu. Kipimo cha damu, cha mkojo, ultrasaundi, kusubiri, kurudi tena baada ya wiki. Tezi dume limepanuka, jambo la kawaida kwa wanaume wa umri wake, na vipimo havikuonyesha saratani. Kibofu kilikuwa na maambukizi juu yake. Daktari, kijana wa rika langu, alimweleza kwamba mtu asipokunywa maji mkojo unakuwa mkali, unakiudhi kibofu, na kibofu kilichoudhiwa ndicho kinachokurupuka. Baba alinitazama kwa jicho la pembeni. Kisha akamuuliza daktari kama anywe mengi asubuhi na mchana, apunguze jioni. Daktari akasema hasa hivyo. "Presha iwepo," baba alinifafanulia tukiwa kwenye daladala, kwa sauti ya chini, "ila unapanga saa."

Sitasema amepona. Anatumia dawa kila siku, na kuna usiku ambao kitu kinatokea na shuka zinaloweka kwenye beseni asubuhi. Tofauti ni kwamba beseni liko uani, palipo jua. Mama analala mpaka alfajiri. Neno chai limerudi kumaanisha chai.

Mashine iko nyuma ya mlango, haipo tena kwenye gunia. Baba ndiye fundi wake sasa. Ikishatumika anapitisha maji matupu mpaka yatoke meupe, anatoa tanki, anaacha mfuniko wazi likauke. Amekata karatasi na kuibandika ubavuni kwa gundi, kwa mwandiko wake wa vitabu vya zamu: TANKI. MFUNIKO. CHUJIO. PAMPU. MPIRA. NOZO. Chini yake, kwa herufi ndogo: kimoja kimoja.

Ile skrubu iliyobaki mkononi mwangu bado ninayo, kwenye mfuko wa kalamu. Mashine inafanya kazi bila hiyo na sijaelewa ilikuwa ya nini.

Jumapili bado nanunua maji. Nilikuwa nimepanga niwe nachungulia chini ya kitanda chake anapokwenda msikitini, nihesabu, nisimwambie. Wiki ya kwanza niliporudi na chupa mpya nilikuta hahitaji kuchunguliwa. Zile tupu alikuwa amezipanga nje ya mlango wa chumba chake, kwa mstari, vifuniko vimefungwa, lebo zote zimetazama upande mmoja. Zilikuwa saba. Nilizihesabu nikiwa nimesimama, na yeye alikuwa sebuleni anaangalia taarifa ya habari, sauti ameipunguza kidogo ili anisikie nikihesabu.